Kuvuka Mlima Kenya kwa Njia ya Burguret

Mwenye azma ya kuvuka Mlima Kenya kwa kupandia njia ya Burguret, upande wa magharibi, ambako mianzi hufunika mapito kwa uchache wa wapitao na nyati ndio wenyeji, kisha ateremkie Chogoria, mashariki, yampasa asafiri Januari au Februari, kabla ya masika, akifuatana na kiongozi aijuaye njia. Akishapita mita 3,000, asilale juu kuliko alipolala jana kwa zaidi ya mita 500. Na kichwa kikimshika pamoja na kutapika, dawa ni kuteremka, hata kilele cha Lenana, chenye kimo cha mita 4,985, kikiwa karibu. Ratiba yake amwachie mtu mwaminifu, ambaye, siku ya marejeo ikipita, awaarifu askari wa hifadhi bila taksiri.