Tenda za Serikali: Si Kila Aliyekosa Ameibiwa

Maneno haya niliyasema mbele ya akina mama na vijana wa Afrika Mashariki tunaoishi Glenwood na mitaa ya jirani, hapa Durban. Nayaweka hapa kwa ajili ya waliokuwa kazini siku ile, na kwa ndugu zetu walioko nyumbani.



Nimeombwa niongee juu ya tenda za serikali: mtu anazitafutaje, na anaiandikaje zabuni hadi ikashinda. Najua wapo watakaouliza, nesi na tenda wapi na wapi? Sisi manesi ndio tunaopokea matokeo. Tenda ikienda kwa asiyeweza kazi, anayevaa glovu inayochanika ni nesi, na anayelalia shuka lisilofuliwa vizuri ni mgonjwa. Kwa hiyo jambo hili linanihusu sana.

Tuanze na ukweli mchungu. Kila tukikutana wimbo ni mmoja: "Tenda zina wenyewe." Sitasema ni uongo. Watanzania tunaikumbuka Richmond. Mwaka 2006, nchi ikiwa gizani kwa ukame, kampuni hiyo ilipewa mkataba wa umeme wa dharura wa megawati 100. Kamati teule ya Bunge chini ya Dk. Harrison Mwakyembe ikaja kuonyesha kwamba haikuwa na uwezo wala uzoefu wa kazi hiyo, na Februari 2008 Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu. Hapa Afrika Kusini, Babita Deokaran, ofisa wa fedha katika idara ya afya ya Gauteng, alipigwa risasi nje ya nyumba yake Johannesburg mwezi Agosti 2021, baada ya kuhoji malipo ya kutiliwa shaka kwa wauzaji wa vifaa wa Hospitali ya Tembisa. Wizi upo, na unaua. Hilo tusidanganyane.

Lakini kuna jambo la pili ambalo hatupendi kulisema. Wengi wetu hatujafika hata mahali pa kuibiwa. Tunatolewa mlangoni. Zabuni inawekwa kando kabla mtu hajaangalia bei, kwa sababu ukurasa mmoja haukutiwa sahihi au cheti kimeisha muda. Anayefurahi ni nani? Ni yule yule fisadi. Hana haja ya kukufanyia hila. Anaandika tu "hakukidhi masharti", na anasema kweli! Hata ukienda kulalamika huna pa kushika.

Hoja yangu leo ni hii moja: andika zabuni ambayo ikiibiwa, itaonekana wazi kwamba imeibiwa.

Zabuni inapita milango mitatu. Wa kwanza ni makaratasi. Hapa Afrika Kusini lazima uwe kwenye daftari kuu la wauzaji la Hazina, linaloitwa CSD. Kujiandikisha ni bure, kwa hiyo anayekudai pesa ya kukuingiza anakula jasho lako. Mambo yako ya kodi yawe safi. Kisha kuna fomu zenyewe: SBD 1 ya zabuni, SBD 4 ya kutaja maslahi na undugu wako na watumishi wa serikali, na SBD 6.1 ya kudai pointi. Usiache nafasi wazi hata moja. Kama tangazo linasema mkutano wa maelezo ni wa lazima, nenda na utie sahihi kwenye orodha ya waliohudhuria. Na kama mwisho ni saa 5 asubuhi, saa 5 na dakika 1 umechelewa. Peleka jana yake.

Mlango wa pili ni uwezo. Tangazo huweza kusema kwamba asiyefikisha, tuseme, alama 70 kati ya 100, zabuni yake haiendelei mbele, hata kama bei yake ni ya chini kuliko zote. Hapa ndipo manesi tuna msemo wetu: kisichoandikwa hakikufanyika. Unaweza kukesha na mgonjwa usiku kucha, lakini kama hukuandika kwenye faili, kwa mkaguzi hukufanya kitu. Kamati ya tenda nayo hivyo hivyo. Haikujui. Inajua karatasi tu.

Chukueni mfano wa tenda ya kufua mashuka ya hospitali. Wengi wataandika, "Tuna uzoefu mkubwa na tutafanya kazi kwa uaminifu." Maneno hayo hayana alama hata moja. Andika una mashine ngapi na zinafua kilo ngapi kwa siku. Andika mashuka yenye damu yatatenganishwaje na masafi tangu kwenye gari. Andika gari litafika saa ngapi, na umeme ukikatika utafanya nini. Ambatisha barua za wateja uliowafulia, zenye tarehe na kiasi cha kazi. Kisha fuata mpangilio wao: wameuliza jambo la 4.2, na wewe jibu chini ya kichwa cha 4.2. Usimlazimishe msomaji akutafutie alama zako. Ana mafaili mengine mezani.

Mlango wa tatu ni bei. Kwa kanuni za 2022, tenda za hapa zisizozidi randi milioni 50 hupimwa kwa 80/20: pointi 80 za bei, 20 za malengo maalumu. Mwenye bei ya chini anachukua zote 80. Tuseme yeye ameandika randi 400,000 na wewe 440,000. Umemzidi kwa asilimia 10, kwa hiyo unapata 72. Umepoteza pointi 8, na hizo zinaweza kurudi kama una pointi za malengo ambazo yeye hana. Ila sheria mpya ya ununuzi ilitiwa saini Julai 2024 na inakuja na utaratibu wake, kwa hiyo kila mara soma tangazo uone limeandikwa kwa kanuni zipi.

Msikimbilie kushusha bei hadi mfupani. Weka mishahara, mafuta ya gari, kodi, na miezi ya kusubiri malipo. Kanuni zinaitaka serikali ilipe ndani ya siku 30, lakini asiye na akiba ya kuvuka kuchelewa anaweza kushinda tenda na kufilisika nayo.

Sasa niseme lililo zito kwetu wageni. Sheria ya uwezeshaji ya 2003 inapomtaja mtu mweusi inamaanisha raia wa kuzaliwa au wa asili, au aliyepata uraia kabla ya tarehe 27 Aprili 1994. Wengi wetu hatumo, hata tungekuwa weusi kuliko mkaa. Pointi zinazotegemea sheria hiyo si zetu. Na hapo ndipo shetani anaponong'ona: mtafute mwenyeji, mweke jina lake mbele, wewe kaa nyuma. Ndugu zangu, huko ni kuweka kivuli. Tangu marekebisho ya 2013 ni kosa la jinai, na kifungo chake kinaweza kufika miaka 10. Tena ni ufisadi ule ule tunaoulaani kila Jumapili. Njia halali zipo: shirikiana na mwenyeji ambaye kweli ana hisa, ana sauti na anafanya kazi, au chukua kazi ndogo chini ya mshindi, kwa mkataba ulioandikwa.

Tusisahau nyumbani. Tanzania inatenga asilimia 30 ya ununuzi wa umma kwa makundi maalumu: wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Zabuni sasa zinapita kwenye mfumo wa NeST ulioanza 2023, uliochukua nafasi ya TANePS. Kenya nayo, chini ya mpango wa AGPO wa 2013, inatenga asilimia 30 kwa wanawake, vijana na wenye ulemavu. Dada yako kule Tanga au Kisumu ana kikundi na ana cherehani, lakini hajui kujaza vigezo. Badala ya kumtumia pesa ya sare kila Januari, kaa naye kwenye simu jioni mbili mpitie nyaraka za zabuni pamoja. Huo nao ni mchango wa diaspora.

La mwisho: ukikosa, omba sababu kwa maandishi. Hapa Afrika Kusini sheria ya haki za kiutawala ya 2000 inakupa siku 90 za kuziomba. Tanzania, kabla mkataba haujasainiwa, wazabuni hupewa taarifa ya nia ya kutoa tuzo, na siku za kulalamika ni chache. Unaanza kwa afisa masuuli, kisha Mamlaka ya Rufani za Zabuni za Umma. Kenya una siku 14 za kwenda kwenye bodi ya mapitio. Asiyeuliza anampa mwizi usingizi mzuri.

Lakini anayeuliza awe na ushahidi. Weka nakala ya kila ukurasa, risiti ya kupokelewa, tarehe na saa. Wahenga walishasema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kama zabuni yako ilipita mlango wa kwanza na wa pili, bei yako ikawa nzuri, na bado akapewa shemeji wa bosi, sasa unayo kesi. Mkono wako ukiwa na karatasi, "tenda zina wenyewe" haitakuwa tena wimbo wa kulia vibarazani. Itakuwa tuhuma, na kuna mtu atalazimika kuijibu.

Nawasilisha.