Tusingoje Msiba Ndipo Tufungue Sanduku

(Maelezo yaliyosomwa kwa niaba ya wanakikundi siku ya kuadhimisha miaka kumi ya kikundi chetu cha kuweka na kukopa)

 

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha miaka kumi tukiwa wamoja. Wapo wenzetu waliotangulia mbele ya haki, nao tunawakumbuka. Tulianza chini ya mti, na sanduku la mbao lenye kufuli tatu, wengi wetu tukinunua hisa moja moja kwa fedha ya mboga. Leo wapo waliojenga na wapo waliosomesha. Hayo mweka hazina ameyaeleza vizuri katika taarifa yake, nasi hatutayarudia.

Tungependa kusema juu ya jambo moja tu, yaani mfuko wa jamii. Mfuko huu kila mmoja wetu anauchangia kila wiki, mbali na hisa. Kwa miaka kumi tumeufungua mtu akifiwa, akilazwa, au mtoto wake akikosa sare. Kwa maneno mengine, tumeufungua jambo likisha kuharibika.

Ndugu Mgeni Rasmi, tuseme kweli. Kuna nyumba ya mwenzetu mmoja ambaye ametupa ruhusa tuieleze, ila jina tumeliacha. Katika mwaka mmoja tulimpa fedha za mfuko mara nne kwa ajili ya mtoto wake wa mwisho. Mtoto alikuwa akiugua, akipona kidogo, akiugua tena. Mara ya nne miguu ilikuwa imevimba na nywele zimebadilika rangi. Wakati huohuo shule ilikuwa imemwandikia barua kwa sababu binti yake wa miaka kumi na mmoja alikuwa mtoro. Zahanati ilimpa ushauri wa lishe, shule ikampa onyo, sisi tukampa fedha. Kila mmoja alidhani amemaliza kazi yake. Jamani, hakuna hata mmoja wetu aliyekwenda kukaa naye jikoni na kumwuliza siku yake inakwendaje.

Tulipokwenda ndipo tukajua. Mama huyu alikuwa akitoka alfajiri kwenda kibarua cha kuchuma chai na kurudi jioni. Mtoto aliachwa na dada yake, naye alimpikia ugali mara mbili kwa siku, kwa chai ya rangi. Basi utoro wa binti na ugonjwa wa mdogo wake vilikuwa jambo moja. Tulitibu matawi, mzizi tukauacha.

Wakubwa wetu hapa wanakumbuka kwamba jambo hili si geni mkoani kwetu. Mwaka 1983 ulianzishwa Mpango wa Lishe wa Iringa, ukisaidiwa na UNICEF na Shirika la Afya Duniani kwa fedha za serikali ya Italia. Ulianza katika vijiji 168 kabla ya kupanuliwa. Kina mama walipeleka watoto kupimwa uzito kila miezi mitatu, na matokeo yakasomwa mbele ya serikali ya kijiji. Kazi ilikwenda kwa hatua tatu: kutathmini hali, kuchambua sababu, kisha kutekeleza kwa uwezo uliopo. Halafu mnapima tena kuona kama mmepatia. Kati ya 1984 na 1988, watoto wenye uzito pungufu katika vijiji vile vya mwanzo walishuka kutoka karibu asilimia 56 hadi 38, na wenye hali mbaya kabisa kutoka asilimia 6 hivi hadi chini ya 2. Chakula hakikushuka kutoka mbinguni. Watu walijua mtoto yupi yuko hatarini, na kwa nini.

Lakini utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2022 uliuonyesha mkoa wetu ukiongoza nchi nzima kwa udumavu: zaidi ya nusu ya watoto wa chini ya miaka mitano, ambapo wastani wa taifa ulikuwa asilimia 30. Kipimo hiki ni cha urefu kwa umri, si kile cha uzito, kwa hiyo tusizilinganishe namba hizi moja kwa moja. Hata hivyo, zinatutia aibu sisi tunaouza mahindi, viazi na maharage hadi Dar es Salaam. Ghala limejaa, na mtoto amedumaa.

Kwa mwenzetu yule tulifuata njia ileile ya hatua tatu. Tulikaa nyumbani kwake wanakikundi wawili, mhudumu wa afya ya jamii na mwalimu wa darasa. Mtoto alipelekwa kwanza hospitali, kwa kuwa hali ile haitibiwi kwa uji peke yake. Aliporudi, bibi jirani alikubali kushinda naye, na mfuko ukatoa karanga, dagaa na maharage ya kuanzia. Binti alirudi darasani. Tulimkopesha mama fedha za kuku ili apunguze vibarua. Kuku wakafa kwa mdondo. Tukakaa tena, tukabadilisha mpango: sasa anauza mboga karibu na nyumbani. Baba wa nyumba alikuja kikaoni mara moja, hakurudi tena. Hatukushinda kila kitu. Ila kadi ya kliniki inapanda, na binti hajakosa shule muhula huu.

Sasa wanakikundi wenzetu, mbele yetu kuna pendekezo la mwaka wa kumi na moja: theluthi moja ya mfuko wa jamii itengwe kwa kazi iliyopangwa. Kila miezi mitatu, kwenye Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, tujue kila mwanakikundi mwenye mimba au mtoto wa chini ya miaka miwili, maana udumavu unaanzia hapo. Kila muhula tumwulize mwalimu ni mtoto gani wa kwetu haonekani. Na penye kipigo au mtoto kuteswa tusikae kimya kwa kuogopa ujirani. Yupo ofisa ustawi wa jamii, na ipo simu ya bure ya kusaidia watoto, namba 116.

Tunajua wapo wanaosema, "Mkila mfuko kwa uji, msiba ukitokea tutazika na nini?" Hoja hiyo ni ya haki, na ndiyo maana theluthi mbili zinabaki palepale. Lakini fungueni daftari mhesabu ni mara ngapi tulilipia ugonjwa ambao ungezuilika. Usipoziba ufa utajenga ukuta, nasi kuta tumejenga nyingi.

Kura ni wiki ijayo. Mje wote, na kila mmoja apige akimfikiria mtoto wa jirani yake.