Diski Imejaa: Tafuta Kabla ya Kufuta

Katika somo lililopita tulijifunza kuweka sauti na picha katika kompyuta. Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya shida inayofuata baada ya hapo, yaani diski kujaa. Nitaeleza kwa kompyuta ya Mac, kwa kuwa ndiyo tunayoitumia katika darasa letu la watu wazima hapa Bwejuu.

Ninyi wa kisiwa hiki mnavijua vyombo. Mashua ikiondoka hapa kwenda Kilindoni, na njiani ikaanza kuwa nzito, nahodha mwenye akili hatupi magunia ya watu baharini papo hapo. Kwanza hutazama ngama. Huenda uzito wote ni maji yaliyoingia chini, na dawa yake ni kuyafua.

Mimi sikutazama ngama. Mwaka jana kompyuta yetu ilitoa habari kwamba diski karibu imejaa, nami nilikuwa na haraka. Niliona folda ya sauti za wazee waliotueleza jinsi ya kusuka madema, nikadhani hiyo ndiyo nzito. Nikaifuta, na kapu la taka nikalimwaga. Nafasi niliyopata ilikuwa gigabaiti 2 tu. Siku chache baadaye niligundua kwamba gigabaiti 60 zilikuwa zimeshikwa na nakala ya simu ya zamani, ambayo hata haiwaki tena. Mmoja wa wazee wale amekwisha kufariki. Sauti yake siwezi kuirudisha.

Basi, ili yasikupate yaliyonipata, fuata njia hii.

Kwanza, bonyeza alama ya tofaa iliyo juu, upande wa kushoto wa kioo. Chagua System Settings, kisha General, kisha Storage. Katika kompyuta zenye mfumo wa kabla ya Ventura, uliotoka mwaka 2022, chagua About This Mac, halafu Storage. Ngoja kidogo, maana kompyuta inahesabu. Utaona mafungu: programu, picha, hati na mengineyo, kila moja na ukubwa wake. Gigabaiti moja ni baiti 1,000,000,000, na baiti moja yatosha kuweka herufi moja kama a au b.

Pili, ingia katika Finder. Bonyeza Command, Shift na H pamoja, ufungue folda yako ya nyumbani. Bonyeza Command na 2 ili vitu vijipange kwa orodha. Kisha bonyeza Command na J, utie alama penye maneno Calculate all sizes. Sasa kila folda itaonyesha ukubwa wake. Bonyeza neno Size lililo juu ya orodha, mpaka kubwa kuliko zote iwe ya kwanza. Ifungue hiyo, utazame ndani yake ni kipi kikubwa, na hicho nacho ukifungue. Shuka hivyo ngazi kwa ngazi.

Tatu, iko folda iliyofichwa, nayo ni Library. Kuiona, fungua menyu ya Go huku umeshika kitufe cha Option. Humo ndimo zinamokaa nakala za simu. Lakini usifute kitu humo kwa kubahatisha, maana programu nyingi huitegemea folda hiyo. Nakala za simu zifute kutoka ukurasa ule wa Storage, katika fungu la iOS Files.

Nne, kumbuka kwamba kitu ulichokifuta hukaa kwanza katika kapu la taka, na nafasi hairudi mpaka umwage kapu. Hata ukimwaga, pengine nafasi huchelewa kurudi. Usishtuke. Time Machine, programu ya kuweka akiba, huweza kushika hali ya diski kwa muda wa saa 24 hivi, kisha huiachia. Mimi sikuwa nimeiwasha. Laiti ningaliiwasha, huenda sauti zile tungalikuwa nazo leo.

Kazi ya juma hili ni hii. Andika katika daftari folda 5 zilizo kubwa kuliko zote, na ukubwa wa kila moja. Usifute hata moja. Mbele ya kila jina jibu swali hili: kikipotea, chaweza kupatikana tena? Filamu uliyoipakua, ndiyo. Sauti ya bibi yako, hapana. Kompyuta itakuonyesha ukubwa wa kitu, lakini swali hili haiwezi kukujibia.

Njoni na madaftari yenu. Kwaherini.