Kamba Hukatikia Pabovu

Somo: Mathayo 17:24–27

  

Leo twataka kuongea juu ya mshipi wa kuvulia samaki. Labda mtu atauliza, “Hapa Nyayo Highrise mshipi ni wa nini?” Ni kweli. Ukisimama ghorofani ukatazama chini, waona mabati ya Kibera, na karibu yake Bwawa la Nairobi. Bwawa hilo lilijengwa mwaka wa 1953, na kuna wakati ambapo watu walivua samaki humo na kuendesha mashua za tanga. Baadaye taka na magugu-maji yakaliharibu. Siku hizi samaki wetu hutoka mbali. Huletwa kutoka Ziwa Victoria, tukawanunua Gikomba, au jioni tukanunua mgongo wazi uliokaangwa kando ya njia. Samaki twamla, lakini mshipi uliomvua hatuuoni. Hata hivyo, mshipi una fundisho kwa kila mtu aishiye na jirani.

Tukumbuke habari za Petro. Yeye alikuwa mvuvi wa nyavu. Lakini siku moja kule Kapernaumu walikuja watu wanaotoza kodi ya hekalu. Ndipo Bwana Yesu akamtuma Petro baharini akatupe ndoana, amtwae samaki wa kwanza atakayeibuka, na kinywani mwake atakuta fedha ya kuwalipia wote wawili. Katika Injili zote nne, hiyo ndiyo mara moja tu tunaposoma habari ya kuvua kwa ndoana.

Wavu hukusanya wengi kwa mara moja. Ndoana huleta mmoja. Kanisa limepewa kazi zote mbili. Mkutano mkubwa wa uwanjani, wenye kwaya na vipaza sauti, ni wavu. Lakini yuko jirani wa mlango wa pili ambaye hatafika uwanjani hata kidogo. Huyo atavutwa kwa mshipi, maana yake kwa uhusiano wa mtu na mtu. Na mshipi wenyewe ni nini? Ni uaminifu wetu. Ni neno tulilomwambia na ahadi tuliyompa.

Mfano huu una mpaka wake, ndugu zangu. Jirani si kitoweo chetu. Mvuvi wa samaki huvuta ili ale. Mvuvi wa watu huvuta ili yule mwingine apate uzima. Lakini katika habari ya kuchagua mshipi, wavuvi wanaweza kutufundisha mambo matatu.

Jambo la kwanza, mvuvi huchagua mshipi kwa kumfikiria samaki anayemtaka. Mwaka wa 1905 Ewart Grogan alileta trauti kutoka Scotland, wakatiwa katika mto Gura kwenye milima ya Aberdare. Trauti ni wa ukoo mmoja na samoni, yule samaki mashuhuri wa pwani za Norway na Kanada. Maji ya mito yetu ya milimani ni baridi na maangavu, na trauti ana macho makali. Ukimtupia mshipi mnene atauona, naye atakimbia. Anayemvua hufunga mwishoni uzi mwembamba usioonekana upesi.

Sasa nenda Malindi au Lamu kwenye nguru. Uzi ule wa trauti haufai kitu. Nguru ana nguvu, na meno yake hukata uzi kama wembe. Kwa hiyo mvuvi huchukua mshipi mnene, na karibu na ndoana hutia kipande cha waya. Tena iko mishipi ya kusokotwa ya siku hizi ambayo ni myembamba lakini ina nguvu nyingi. Hiyo hainyumbuki. Ule wa nailoni hunyumbuka kidogo, na samaki akishtuka ghafula mshipi humpa nafasi badala ya kukatika. Hakuna mshipi mmoja unaofaa kila mahali.

Vivyo hivyo na watu. Yuko jirani ambaye ukimwendea kwa maneno mengi na sauti kubwa, atafunga mlango. Huyo anahitaji salamu ya ngazini kila asubuhi, miezi mingi, bila kusukumwa. Yuko mwingine mwenye mzigo mzito, pengine mume amepoteza kazi, au kijana ameingia katika pombe. Kwake salamu peke yake ni uzi mwembamba mno. Anahitaji mtu wa kukaa naye usiku, na kwenda naye asubuhi. Mpendwa, kabla hujasema neno, umemfikiria yule unayemwendea?

Jambo la pili, mvuvi hukagua mshipi kabla ya kuutupa. Zamani mishipi ilisokotwa kwa pamba na kwa kitani, na isipokaushwa vizuri ilioza. Ndipo mwaka wa 1938 kampuni ya DuPont ya Marekani ikatangaza nailoni, nayo ikaenea kwa wavuvi duniani kote. Lakini hata nailoni ina udhaifu wake. Jua huidhoofisha. Mwamba huikwaruza. Na fundo huipunguzia nguvu, hasa fundo lililokazwa kikavu, kwa sababu uzi ukisuguana hupata moto. Kwa hiyo mvuvi mzoefu hulilowesha fundo kwa mate kabla ya kulikaza. Tena hupitisha mshipi polepole katikati ya vidole vyake, akitafuta kwa kugusa pale palipokwaruzika. Akipapata hasemi, “Ni padogo.” Hukata kipande hicho akafunga upya.

Kwa nini asumbuke hivyo? Kwa sababu anaujua ukweli huu: mshipi wa mita mia moja, wenye mita tisini na tisa nzima na mahali pamoja pabovu, nguvu yake yote ni nguvu ya mahali pale pabovu. Wazee walisema, kamba hukatikia pabovu.

Wapenzi wasikilizaji, tuutazame mfano mmoja. Yuko mama anayepanda kutoka Kibera kuja kufua nguo katika nyumba za ghorofa. Amefika saa moja asubuhi, amefua mpaka saa tisa. Fedha ya siku hiyo ndiyo unga wa jioni, ndiyo mafuta ya taa. Mwenye nyumba ni mtu wa kanisa. Huimba vizuri, hutoa sadaka, na ukutani ametundika maandiko. Lakini jioni anasema, “Mama, leo sina fedha ndogo, utapitia Jumamosi.” Jumamosi mlango umefungwa. Baadaye mwenye nyumba huyo anamkaribisha mama yule kwenye ibada. Je, mshipi huo utamvuta? Mita tisini na tisa ni nzima, lakini mama yule amepaona mahali pamoja. Yeye hapimi imani ya mwenye nyumba kwa nyimbo zake. Huipima kwa Jumamosi ile.

Na iko mifano mingine. Fedha za chama ambazo mtunza hazina amezikopa kimya kimya kwa siku mbili. Siri aliyotuambia dada mmoja tumwombee, ikasikika kisimani siku ya tatu. Mgonjwa wa Hospitali ya Mbagathi aliyeambiwa, “Tutakuja kukuona Jumatano,” akatazama mlango mpaka saa ya wageni ikaisha. Haya huitwa mambo madogo. Mvuvi angeyaita mikwaruzo. Bwana wetu naye alifundisha kwamba aliye mwaminifu katika lililo dogo huwa mwaminifu katika kubwa pia.

Jambo la tatu, mshipi uliokatika haupotei. Uzi wa pamba ukikatika baharini huoza. Uzi wa nailoni hukaa miaka mingi, umenaswa katika matumbawe, na kasa na ndege wa baharini huzongwa nao. Mvuvi amerudi nyumbani, amesahau, lakini uzi wake ungali unadhuru huko chini. Ndivyo ilivyo ahadi iliyovunjwa kwa jina la Kristo. Aliyeivunja husahau kabla ya mwezi kwisha. Aliyevunjiwa haisahau. Na mhubiri mwingine akija miaka kumi baadaye, na neno jema, atashangaa kwa nini mtu huyu hasikii.

Basi tufanye nini? Tufanye kama mvuvi. Wiki hii kila mmoja wetu aupitishe mshipi wake katikati ya vidole, mbele za Mungu. Kuna mtu anayetudai? Alipwe, hata kama ni shilingi hamsini. Kuna ahadi inayongoja? Itimizwe, au twende kwa miguu yetu tukaseme wazi kwamba haitawezekana, na tuombe radhi. Palipokwaruzika pasifunikwe kwa maneno matamu. Pakatwe, na fundo lifungwe upya, nalo lilowe kwanza kwa unyenyekevu. Fundo linalokazwa kwa hasira na kwa haraka halidumu.

Wala tusikate tamaa. Yeye aliyemtuma Petro na ndoana moja alijua samaki yuko wapi. Kumleta samaki ni kazi yake. Sisi twaombwa kitu kimoja tu, mshipi usiokatika njiani.

Na tuombe. Ee Bwana Mungu wetu, wewe uliye mwaminifu siku zote, tukague. Tuonyeshe mahali pabovu kabla jirani yetu hajaanguka kwa ajili yetu. Utupe neno lenye kiasi kwa kila mtu, na moyo wa kutimiza tuliyoahidi. Wabariki wakaao ghorofani na wakaao chini ya mabati, utufanye majirani kweli kweli. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.