Kuku Mgeni na Kamba Mguuni

Somo: Mwanzo 44:1–34



Wazee wetu walisema kwamba kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Mgeni hujulikana kwa alama yake, na jambo likiharibika macho ya wenyeji humgeukia yeye kwanza. Jumapili ya leo twapenda kuwashirikisha yaliyotupata sisi wenyewe huko Kiongoroni, katika delta ya mto Rufiji, wilaya ya Kibiti.

Tulikwenda watu watatu. Mmoja wetu ni mwalimu aliyekuwa akitafuta nyumba ya kununua, nasi wawili tulimsindikiza. Kijana mmoja wa pale pale alitupeleka kwa boti yake. Nyumba ilikuwa ya mama mjane: vyumba viwili vya miti na udongo, juu bati. Mama alitukaribisha kwa moyo mweupe, akatuachia tutazame tupendavyo. Nasi tukatawanyika ovyo. Mmoja alikagua sakafu, mwingine alizunguka nje, wa tatu aliingia peke yake katika chumba cha kulala kuona kama bati linavuja. Kijana wa boti naye aliingia kuomba maji ya kunywa.

Tulirudi bandarini kungoja maji yajae. Hatujakaa vizuri, wakaja watoto mbio, na nyuma yao watu wazima. Shilingi laki moja na themanini, fedha ya mpunga aliyoiweka mama katika kopo chini ya kitanda, haikuwamo tena.

Mwenzetu mmoja akanong'ona: "Maji yamejaa, tupande twende." Tulikataa. Aondokaye huacha nyuma yake hukumu isiyo na wa kuijibu. Mwingine akaanza kufoka, tukamsihi anyamaze. Tuliomba aitwe mwenyekiti wa kitongoji. Mbele yake tukaeleza nani aliingia wapi, hata lile la kuaibisha, kwamba mmoja wetu aliingia chumbani peke yake. Kisha tukamwaga mifuko yetu juu ya mkeka, watu wote wakitazama. Fedha haikuonekana.

Ndugu wasikilizaji, mpaka hapo twaweza kusema tulifanya vema. Lakini jaribu lenyewe lilikuwa bado. Mtu mmoja akasema: "Basi ni huyu kijana. Si aliingia kunywa maji?" Watu wakatugeukia, nasi tukajibu upesi: "Ni kweli, aliingia." Neno lenyewe lilikuwa la kweli, ila tulilitamka kama mtu anayetua mzigo wake juu ya kichwa cha mwenzake. Kijana akakamatwa shati, akapigwa kofi. Alitutazama tu.

Jioni alirudi binti wa yule mama kutoka shambani. Asubuhi, aliposikia kwamba wageni wanakuja, aliihamisha fedha akaificha ndani ya gunia la mpunga. Mama alilia. "Wanangu, nisameheni," alisema. Sisi tulimwendea kijana tukamwomba radhi faraghani. Akatujibu kwa utulivu: "Ninyi mtakwenda zenu, waheshimiwa. Mimi ndimi nitakayeishi hapa."

Jibu hilo lilitunyima usingizi. Asubuhi tulimwomba mwenyekiti awakusanye tena watu wale wale, tukakiri mbele yao kwamba tulimtwika kijana yule shaka ili sisi tupone. Kosa lililotendwa hadharani halifutwi kwa kunong'ona.

Sasa tutazame somo letu. Kikombe cha fedha cha Yusufu kilionekana ndani ya gunia la Benyamini. Ndugu zake waliambiwa kwamba mwenye kikombe atabaki mtumwa, na wao waende kwa amani. Njia ilikuwa wazi, na ushahidi ulikuwa mikononi. Hata hivyo Yuda, yule aliyewahi kushauri Yusufu auzwe, alisogea mbele akaomba abaki yeye mahali pa mdogo wake. Huo ndio uongofu. Yuda alisimama na mtuhumiwa aliyekutwa na kikombe. Sisi tulimtupa mtuhumiwa ambaye hakukutwa na kitu.

Tusiwalaumu wenyeji wa Kiongoroni kwa kuwatilia shaka wageni. Miaka ya 2016 na 2017 viongozi wa vijiji na askari polisi waliuawa katika eneo la Kibiti na Rufiji, na hofu ya namna hiyo haitoki moyoni kwa siku moja. Ni juu ya mgeni kuituliza hofu hiyo kwa mwenendo wake. Kwa hiyo, anayekwenda kutazama nyumba aanze kwa viongozi wa kijiji. Hiyo si adabu tu; kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji ndiyo isimamiayo ardhi ya kijiji. Ibrahimu, alipotaka kununua pango la Makpela, alizungumza langoni mbele ya watu, akapima shekeli 400 wote wakiona. Tena mgeni asiingie chumba bila mwenye nyumba kuwa naye.

Na akituhumiwa? Asikimbie, asitukane. Aulize ni kitu gani kimepotea na lini, kisha aombe upekuzi mbele ya mashahidi, mwanamke apekuliwe na mwanamke. Asikubali kulipa ili yaishe tu, kwa kuwa malipo hayo kesho huitwa ungamo. Lakini kama kweli amechukua, aungame na kurudisha, kama Zakayo.

Nanyi makatekista, ambao mara nyingi huitwa kusuluhisha, kumbukeni Nikodemo, aliyewauliza wakuu kama sheria yao humhukumu mtu asiyesikilizwa kwanza. Katiba yetu nayo, katika ibara ya 13, yakataza mtu aliyeshtakiwa kwa jinai kutendewa kama mkosaji kabla kosa halijathibitika. Basi kofi lisitangulie swali.

Wapendwa, mikono yetu ilikuwa safi siku ile, lakini ulimi wetu haukuwa safi. Mungu atatuuliza tulitetea nini tuliposingiziwa: jina letu peke yake, au haki ya kila aliyesimama karibu nasi. Juma hili, kila mmoja wetu amtafute mtu aliyewahi kumtwika shaka. Na kama alisema mbele ya watu, akanushe mbele ya watu.

Ee Bwana, wewe uliyeshuhudiwa uongo ukanyamaza, utufundishe kusema kweli bila kumwangusha mwenzetu. Amina.