SOMO LA REDIO: TARISHI ANAMWULIZA NANI?

Wekeni karatasi na kalamu tayari, maana leo tutasoma nambari. Mwalimu wa darasa naye aziandike ubaoni kila ninapozitaja.

Tumepata barua kutoka kikundi kimoja cha wasikilizaji. Hao ni wanachama wa chama cha ushirika. Ofisini kwao wana kompyuta moja inayotumia Linux. Katibu wao huitumia kufungua ukurasa wa benki na kutazama fedha za mazao. Siku moja fundi alikuja kuitengeneza kompyuta hiyo, akabadili mambo fulani, kisha akaenda zake. Tangu siku ile wanachama wana wasiwasi. Wanauliza hivi: “Tukiandika jina la benki yetu, ni nani anayeiambia kompyuta mahali benki ilipo? Tumetazama, tukakuta nambari 127.0.0.53. Je, nambari hiyo ni ya nani?”

Ni swali jema sana. Haya, tulijibu pamoja, polepole.

JINA NA NAMBARI

Kompyuta haiwezi kufika mahali kwa jina peke yake. Inataka nambari, kama vile barua inavyotaka nambari ya sanduku la posta. Lakini sisi watu hatuwezi kukumbuka nambari nyingi. Kwa hiyo twaandika jina, na kompyuta hutafuta nambari yake.

Kazi hiyo ya kutafuta nambari za majina huitwa kwa herufi tatu: D, N, S. Utaratibu wake ulitungwa mwaka 1983 na Paul Mockapetris, huko Marekani. Kabla ya hapo majina yote yaliandikwa katika daftari moja, na kila mahali walichukua nakala yake. Majina yalipozidi, daftari moja halikufaa tena. Siku hizi kazi imegawanywa. Majina yanayoishia .tz yana watunzaji wake, na yanayoishia .ke yana watunzaji wake. Kompyuta zinazojibu maswali ya majina huitwa seva za majina.

TARISHI NA KARANI

Sasa fikirini ofisi moja. Mkubwa wa ofisi anataka nambari ya sanduku la mtu. Hatoki mwenyewe. Anamwita tarishi aliyekaa mlangoni. Tarishi anakwenda kwa karani mwenye daftari, anauliza, anarudi na jibu. Akiulizwa jambo lile lile muda mfupi baadaye, haendi tena, maana bado analikumbuka.

Katika kompyuta nyingi za Linux yuko tarishi wa namna hii. Ni programu iitwayo systemd-resolved. Nambari yake ndiyo ile waliyoiona ndugu zetu: 127.0.0.53. Nambari zote zinazoanza na 127 maana yake ni “mimi mwenyewe, ndani ya mashine hii.”

Basi, ndugu zetu hawakumkuta mgeni. Wamemkuta tarishi wao wenyewe. Lakini je, swali lao limekwisha? Halijakwisha! Kumjua tarishi si kumjua karani. Tarishi anaweza kuwa mwaminifu kabisa, lakini akitumwa kwa karani mwongo ataleta uwongo. Swali lenyewe ni hili: tarishi huyu anamwuliza nani? Karani huyo anayeulizwa tutamwita seva ya juu.

HABARI YA MAKARANI WAONGO

Labda mtu atasema, “Mimi ni mkulima tu. Mambo haya yanihusu nini?” Sikilizeni habari hii ya kweli.

Mnamo Novemba mwaka 2011 polisi wa upelelezi wa Marekani, FBI, walitangaza kukamatwa kwa watu sita huko Estonia. Watu hao walishitakiwa kwa kueneza programu mbaya iitwayo DNSChanger. Programu hiyo haikuvunja kompyuta. Ilifanya jambo moja dogo: ilibadili nambari za seva za majina. FBI walisema kwamba kompyuta kama milioni 4 katika nchi zaidi ya 100 ziliingiliwa. Mwenye kompyuta aliandika jina sahihi, lakini aliweza kupelekwa mahali pengine. Kwa hila hiyo wezi walipata, kwa hesabu ya FBI, dola milioni 14 au zaidi.

Wezi walipokamatwa likatokea tatizo jingine. Seva zao zikizimwa ghafula, kompyuta zote zilizokuwa zikiziuliza zitakosa majibu. Kwa amri ya mahakama zikawekwa seva safi mahali pake, nazo zikazimwa tarehe 9 Julai 2012. Katika miezi hiyo watu waliambiwa: tazameni nambari za seva zenu, mzilinganishe na orodha ya nambari mbaya. Aliyejua kutazama alijiokoa. Asiyejua alikaa gizani.

JINSI YA KUTAZAMA

Haya, sasa kazi. Kuna hatua nne.

Hatua ya kwanza. Fungua dirisha la amri katika kompyuta ya Linux. Andika:

cat /etc/resolv.conf

Tazama mstari unaoanza na neno nameserver. Ukiona 127.0.0.53, umemwona tarishi. Usiishie hapo.

Hatua ya pili. Mwulize tarishi mwenyewe. Andika:

resolvectl status

Yatatokea maneno mengi. Usiogope. Tafuta mstari wenye maneno DNS Servers. Hizo ndizo nambari za wale anaowauliza. Ukiona na Current DNS Server, huyo ndiye anayemwuliza sasa. Mwenye kompyuta ya Windows aandike ipconfig /all, kisha atafute maneno yale yale, DNS Servers.

Hatua ya tatu. Soma nambari uliyoipata. Je, inaanza na 192.168? Kama ndivyo, bado hujafika mwisho. Nambari hizo ni za ndani ya nyumba au ofisi. Mara nyingi ni ya ruta, yaani kile chombo kinacholeta intaneti ofisini. Ruta naye ni tarishi wa pili! Andika nambari yake katika kivinjari, ingia kwa neno la siri, utafute ukurasa unaoonyesha hali ya intaneti. Hapo utaona ruta anamwuliza nani.

Mara nyingi utakuta nambari za kampuni inayowauzia intaneti. Pengine utakuta 8.8.8.8, ambayo ni ya Google tangu 2009, au 9.9.9.9, ya Quad9 tangu 2017, au 1.1.1.1, ya Cloudflare tangu 2018. Nambari hizi zajulikana dunia nzima.

Hatua ya nne ni kuhakikisha. Andika:

nslookup whoami.akamai.net

Jina hili lina ajabu yake. Ukiliuliza, hujibiwa nambari ya yule aliyefika mwisho kuuliza kwa niaba yako. Ni kama kumwuliza mwenye duka, “Nani amekuja hapa kununua chumvi yangu?” Lakini angalieni: nambari hiyo yaweza kuwa tofauti na ile ya hatua ya tatu, na bado pasiwe na ubaya. Seva kubwa kama 8.8.8.8 ni kama ofisi yenye milango mingi. Unaingia kwa mlango mmoja, na karani anatokea mlango mwingine. La kutazama ni kama nambari hiyo ni ya kampuni ile ile.

Neno moja zaidi. Vivinjari vingine, kama Firefox, vyaweza kuwa na tarishi wao wenyewe asiyepita kwa tarishi wa kompyuta. Kwa hiyo tazameni pia mipango ya kivinjari chenu.

JIBU LETU KWA KIKUNDI

Ndugu zetu wa ushirika, fanyeni hivi. Fuateni hatua hizi nne, katibu pamoja na wajumbe wawili, ili asiwe mtu mmoja tu anayejua. Nambari mtakayoipata iandikeni. Ipigieni simu kampuni yenu ya intaneti, mwulize: “Je, nambari hii ni yenu?” Wakikubali, au ikiwa ni moja ya zile zinazojulikana, iwekeni katika faili la chama pamoja na tarehe. Wakikataa, na hakuna anayeitambua, msifungue ukurasa wa benki kwa kompyuta hiyo mpaka fundi mnayemwamini aitazame. Badilini na neno la siri la ruta. Tena, kivinjari kikiwaonya kwamba ukurasa wa benki hauaminiki, msilazimishe kupita.

Na kila fundi akija na kuondoka, tazameni tena. Simsemi vibaya fundi wenu. Pengine alitengeneza vizuri kabisa. Lakini mwenye fedha huhesabu fedha zake hata mbele ya ndugu yake, wala ndugu hakasiriki.

MASWALI YA DARASANI

1. Nambari inayoanza na 127 maana yake nini?
2. Kwa nini haitoshi kumjua tarishi peke yake?
3. Programu ya DNSChanger ilibadili nini?
4. Ukiona 192.168.1.1, utafanya nini baadaye?
5. Andika kwa mkono wako amri mbili ulizojifunza leo.

Basi, ndugu wanafunzi, muda wetu umekwisha. Mwenye kompyuta karibu ajaribu, na asiyekuwa nayo asome nambari ubaoni mpaka azizoee. Kwaherini mpaka somo lijalo.