Sheria ya Kudunda Mpira na Kazi ya Ubao katika Mpira wa Kikapu

Leo tumekusudia kuwaeleza mambo mawili ya mpira wa kikapu ambayo huleta ugomvi mwingi kiwanjani: kudunda mpira, na kuutupa mpira kwenye ubao. Sisi walimu tumeona mara nyingi vijana wakimzonga mwamuzi kwa makelele, si kwa kuwa amewadhulumu, bali kwa kuwa wao wameijua amri pasipo kuijua maana yake. Basi tuanze na maana, na amri zitafuata.

Mchezo huu ulibuniwa mwezi wa Desemba 1891 katika mji wa Springfield, huko Marekani, na mwalimu James Naismith. Yalikuwa majira ya baridi, na wanafunzi wake walihitaji mchezo wa kuchezwa ndani ya nyumba. Naismith alitambua kwamba katika michezo ambayo watu hukimbia na mpira mikononi, njia ya kumzuia mwenye mpira ni kumkamata na kumwangusha. Na juu ya sakafu ngumu jambo hilo ni hatari. Kwa hiyo akaamuru kwamba mwenye mpira asikimbie nao, bali autupe kutoka pale alipoudakia. Asipokimbia nao, hapana haja ya kumwangusha. Amri zake za kwanza zilikuwa 13 tu, wala kudunda mpira hakukutajwa humo.

Lakini wachezaji ni werevu. Mtu aliyezingirwa, asione mwenzake wa kumpa, aliweza kuutupa mpira chini na kuufuata. Hakukimbia nao, maana ulikuwa umekwisha kumtoka mkononi. Sheria ikakubali jambo hilo likawa sehemu ya mchezo, na haki yake ni hii: kila mpira unapoondoka mkononi, mpinzani hupata nafasi ya kuunyakua. Shikeni neno hilo, kwa kuwa ndilo ufunguo wa yote yafuatayo.

Kwa nini ni kosa kuudunda mpira, kuushika, kisha kuudunda tena? Kwa sababu aliyeushika amejipumzisha. Amemwondolea mpinzani nafasi yake. Ameitumia ruhusa yake, na sasa hana budi kumpa mwenzake au kuutupa kikapuni. Kudunda hukoma pale mchezaji anapougusa mpira kwa mikono miwili kwa pamoja, au anapouacha utulie katika mkono mmoja au yote miwili. Kwa hiyo yule atiaye kiganja chini ya mpira na kuubeba kama mtu abebaye yai, huyo amekwisha kukoma kudunda, hata kama mwenyewe hakukusudia. Akiendelea kuudunda, ni kosa, na mpira hupewa timu ya pili waurushe kutoka nje ya mstari. Lakini aliyeponyokwa na mpira kwa bahati mbaya, kisha akaupata tena, hahesabiwi kuwa amedunda.

Sasa tuje kwenye ubao. Hapo mwanzo haukuwapo. Vikapu vya Naismith vilipigiliwa kwenye roshani, futi 10 juu ya sakafu, na kimo hicho hakijabadilika hata leo, nacho ni mita 3.05. Watazamaji waliosimama roshanini walikuwa wakinyosha mikono na kuusaidia au kuuzuia mpira. Miaka michache baadaye kikawekwa kizuizi nyuma ya kikapu, ili kuwatenga. Kilichowekwa kuwa ukuta kikawa chombo cha mchezo, kwa maana wachezaji waligundua kwamba mpira uliogonga hapo huweza kurudi na kutumbukia kikapuni. Ubao wa siku hizi una upana wa mita 1.80 na kimo cha mita 1.05.

Ugomvi huzuka hivi. Kijana amedunda, ameushika mpira, amezingirwa. Anautupa kwenye ubao, mpira unarudi, anaudaka mwenyewe. Nusu ya watazamaji wanapiga kelele, “Kosa!” Nusu wanasema, “Si kosa!” Mwamuzi afanyeje? Kwa sheria za FIBA, yaani shirika la dunia la mchezo huu, lililoanzishwa 1932, kuutupa mpira kwenye ubao si kudunda. Kwa hiyo kuudaka tu si kosa. Lakini je, aweza kudunda tena? Hapo mwamuzi hujiuliza maswali matatu.

La kwanza: Je, kijana huyu alikuwa amekwisha kudunda? Kama hakudunda bado, ruhusa yake ingalipo; aweza kudunda, kumpa mwenzake, au kutupa kikapuni. La pili: Kama alikwisha kudunda, je, alitupa kwa nia ya kufunga? Kama alijaribu kufunga kweli, akakosa, mpira ulikuwa huru kwa kila mtu, naye akiupata aweza kuanza upya. La tatu: Kama hakukusudia kufunga, je, mpira uligusa mchezaji mwingine kabla ya kumrudia? Ukigusa mwingine, aweza kudunda upya. Usipogusa, aweza kumpa mwenzake au kutupa kikapuni, lakini kudunda ni mwiko. Ubao si mwenzake. Hauwezi kumrudishia ruhusa aliyokwisha kuitumia.

Tena tahadharini na jambo moja. Mpira uliotupwa ili kufunga, ukiisha kugusa ubao nao ungali wote juu ya pete ya kikapu, hapana mchezaji wa upande wowote aruhusiwaye kuugusa.

Mtaona kwamba swali la pili ni zito, kwa sababu mwamuzi hupima nia kwa macho tu: jinsi mkono ulivyoinuka, na umbali wa kikapu. Watu wawili wema waweza kuona mbalimbali, lakini mchezo hauwezi kuwa na waamuzi ishirini. Kwa hiyo twawashauri ninyi walimu na viongozi wa timu: kila kijana ashike filimbi kwa zamu katika mazoezi, aamue yeye, mbele ya rafiki zake, hata ikiwa ni juu ya timu yake mwenyewe. Akiisha kuonja uzito wa filimbi, atajifunza kuinyamazia hukumu isiyompendeza.

Wahenga walisema, kidole kimoja hakivunji chawa. Sheria ya kudunda yasema vivyo hivyo: umepewa nafasi yako, ikiisha, mtafute mwenzako.

Kwaherini.